Pipa Nililomwaga

Watu wengi husema wanaona haya kuongea na mtu wasiyemjua. Mimi haya hiyo sikuijua. Mungu aliponiumba alianza na mdomo, halafu akatafuta mahali pa kuuweka. Kabla sijaokoka niliutumia kugombana kwenye bomba la maji la nyumba za reli pale Nakuru, ambako mume wangu alikuwa akipaka grisi magurudumu ya mabehewa. Baada ya kuokoka nikauhamishia kwenye gari la moshi.

Kila Jumanne nilipanda daraja la tatu kwenda Molo kununua viazi vya kuuza sokoni. Nilisafiri na jirani yangu, dada katika imani, mwanamke mwembamba wa maneno machache. Sisi watu wa uamsho tulikuwa na desturi zetu. Tulienda wawili wawili, mmoja akishuhudia, mwingine akiomba kimya. Kushuhudia kwenyewe hakukuwa kuhubiri. Ulisimama ukataja dhambi yako kwa jina lake, mbele ya watu, bila kuzungukazunguka. Na kama ulikuwa umemkosea mtu, ulirudi kwake ukatengeneza, na kama ulichukua kitu chake ulikirudisha. Hilo tuliliita kutembea katika nuru.

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Askari walikuwa wakipanda gari pale Njoro kukagua vipande, vile vitambulisho vya serikali, na behewa zima lilikaa kimya, kila mtu akiangalia magoti yake. Mtu akikusalimia tu, unajiuliza ametumwa na nani. Katika kimya hicho mimi nilisimama, nikashika mbao za kiti, nikasema, "Bwana asifiwe, watu wa Mungu." Nilikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto mgongoni. Najivunia hilo mpaka leo, na sitaomba msamaha kwa kujivuna.

Ushuhuda wangu ulitosha kutoka Njoro mpaka Elburgon, maana gari lilipanda ule mlima polepole sana. Nilianza na ugomvi wa bombani, nikaja kwenye uongo niliomwambia mume wangu, nikamalizia na pipa. Pipa ndilo watu walilipenda. Nyuma ya nyumba za reli aliishi mjane mmoja aliyepika busaa, ile pombe ya ulezi na mahindi. Mwaka ule niliookoka, mimi na akina mama wawili tuliingia kwake akiwa ameenda kuteka maji, tukaliangusha pipa lake zima sakafuni huku tunaimba. Nilionyesha kwa mikono jinsi lilivyobingirika, na jinsi kuku walivyokunywa wakaanza kutembea upande upande. Behewa lilicheka. Safari moja mpasua mbao alituomba tuombe naye kabla hajashuka Elburgon, na alishuka akilia. Basi nikajua pipa lile lina nguvu za Mungu ndani yake.

Jumanne moja aliketi mbele yangu fundi cherehani wa Kiislamu, mtu mzima mwenye kofia nyeupe, amepakata kichwa cha cherehani kilichofungwa kitambaani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Wenzake waliwacheka kuku, yeye hakucheka. Nilipoketi akaniambia kwa Kiswahili chao kile kilichonyooka, "Samahani, mama. Yule mwenye pipa alikula nini siku ile?"

Nikamjibu kwamba Mungu hulisha watu wake.

"Ni kweli, hulisha," akasema. "Nawe ulimwona akilishwa?"

Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia, "Mzee, pombe kwenu si ni haramu? Mbona unaitetea?"

"Haramu kabisa, mama. Sikuulizia pombe. Nimeulizia chakula."

Alisema hivyo bila kunicheka wala kunisuta, akaanza kupangusa vumbi kwenye cherehani yake. Nilitaka kumrukia. Gari likafika Molo. Akashuka na mzigo wake, na sikumwona tena maishani.

Tuliporudi tulikaa juu ya magunia yetu ya viazi, na yule dada yangu mpole akafungua mdomo. "Dada, usikasirike. Ugomvi wa bombani ulitubu, nilikuona ukilia. Uongo ulitubu. Lile pipa hujawahi kulitubu. Unatamba nalo. Mimi sitakuombea tena ukilisema."

Nilimnunia wiki nzima. Hata chumvi sikumwomba. Jumanne iliyofuata nikasimama kama kawaida, nikasema Bwana asifiwe, na mdomo ukakauka. Akilini nikamwona yule mjane anarudi na ndoo ya maji na kusimama mlangoni kwake. Nikaketi gari likiwa ndio kwanza limetoka Njoro. Mimi, kukosa neno! Mtoto mgongoni alishangaa kunyamaza kwangu, akaanza kulia.

Hapo nikaelewa kwamba sitaweza tena kusimama mbele ya wageni mpaka nitengeneze. Nikalipeleka jambo kwenye ushirika wetu wa Alhamisi. Kutengeneza tulikujua vizuri. Kuna ndugu aliyerudisha nyundo ya reli, kuna mama aliyerudisha kuku na kuongeza vifaranga. Lakini langu liliwatia watu mashakani. Mzee wa ushirika akaniuliza, "Utarudisha nini? Ulimwaga busaa. Huwezi kurudisha busaa."

Nikasema nitarudisha wimbi, yaani ulezi wenyewe. Mama yangu mzazi alikuwa mpishi wa busaa, kwa hiyo kazi ile naijua. Unalowesha wimbi mpaka ichipue, unaianika, unaisaga, unga wa mahindi unaukaanga kwenye karai mpaka macho yanatoka machozi. Nilijua pipa moja lilikula nini, na siku ngapi za mgongo wa mtu.

"Ukimpa wimbi atapika pombe, na wewe utakuwa umepika pamoja naye," mzee akasema. "Mpe blanketi."

"Mzee, sikumwaga blanketi."

Waliguna. Mzee alinipenda, alikuwa ameniombea tangu siku ya kwanza, na alinieleza kwa huzuni kabisa kwamba nikipeleka wimbi kwa mpika pombe nitakaa nje ya ushirika. Kwa sisi tuliokuwa mbali na kwetu, ushirika ndio ulikuwa ukoo. Ndio waliokusaidia ukijifungua, ndio waliokuzika. Nikaenda nyumbani, sikulala vizuri, na asubuhi nikanunua debe la wimbi.

Nilingoja saa nne, wakati wanawake wote wako bombani. Kama nilimwaga mchana kwa kuimba, nitarudisha mchana. Nikajitwika debe, nikapita katikati yao. Mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika, "Aliyeokoka ameanza biashara?" Wakapasuka kicheko. Ulimi uliniwasha, lakini nikaubana kwa meno.

Mjane alikuwa uani anachambua kunde. Aliponiona akaruka na kusimama mlangoni na mwiko mkononi, mikono ameitandaza kuziba njia. "Umekuja kumalizia?"

Nikatua debe, nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikamwambia, "Mama, niliingia kwako ukiwa bombani, nikamwaga chakula cha watoto wako, na nikaimba. Nilikuibia. Nimekuja kurudisha." Halafu, kwa kuwa lile swali lilikuwa linanila, nikamuuliza, "Siku ile mlikula nini?"

Aliushusha mwiko. Ndipo akaniambia. Alikuwa na binti wawili, na ndani ya nyumba hakukuwa na unga mwingine, wote ulikuwa umeingia kwenye pipa. Alikusanya machicha niliyoyamwaga sakafuni, akayatoa mchanga, akayachemsha, wakala. "Yule mdogo yalimlevya," akasema. "Alilala akiimba wimbo wenu."

Nimesikia shuhuda nyingi maishani, nyingine za watu waliomwaga damu. Hakuna neno lililonichoma kama hilo. Nililia pale chini mpaka binti wa yule mjane, yule mdogo mwenyewe, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati.

Mjane alifungua debe, akashika wimbi mkononi, akaipuliza. Nzuri, akasema. Kisha akaniangalia usoni. "Hii nitaipikia busaa. Nakwambia mapema usije ukasema nimekudanganya."

"Wimbi ni yako, mama."

Ushirika uliniweka nje, kama walivyoahidi. Alhamisi nilikaa nyumbani nikasikia nyimbo zao zikipita ukutani, na niliumia, sitaficha. Lakini Jumanne dada yangu mpole alikuwa stesheni kabla yangu, amekalia gunia tupu. Tukapanda. Gari lilipotoka Njoro nikasimama, nikasema Bwana asifiwe, nikaeleza habari za pipa kama zilivyokuwa: nani alikuwa na njaa, nani aliimba. Kuku sikuwataja. Nilipotupa jicho pembeni, midomo ya dada yangu ilikuwa inacheza. Alikuwa ananiombea.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa dirishani aliniuliza kama nauza viazi, akahama kiti, akaketi karibu nami mpaka Elburgon akinieleza habari za shemeji yake. Tangu siku hiyo watu hawakunisikiliza tu. Waliniambia yao. Wakikuyu waliokuwa wakiogopa vivuli vyao, Wakipsigis, Waluo, wapagazi, yaya mmoja aliyefukuzwa kazi huko Lanet, wote walisogea kwenye kile kiti cha mbao. Wangapi waliokoka Mungu anajua. Mimi najua walisogea.

Mzee wa ushirika alikuja mwenyewe kunichukua baada ya miezi kadhaa. Alibisha hodi, akaketi, akanywa chai, akasema Alhamisi tunakungoja. Habari za wimbi hakuzigusa, na mimi, kwa mara ya pili maishani, nikanyamaza.

Na mjane? Naye alianza kupanda gari lile, kwa sababu nilimwonyesha kwamba viazi vya Molo ni rahisi. Alikaa juu ya gunia lake kando yangu na kunisikiliza nikisimulia habari zake, akinisahihisha nikikosea idadi ya siku alizolipikia lile pipa. Safari moja kijana mmoja mwenye tai akamwuliza behewa zima likisikia, "Kwa hiyo mama, wewe ndiye wa pipa? Na wewe umeokoka?"

"Mimi bado," akasema, huku anafunga gunia lake kwa kamba. "Lakini huyu akija kwangu siku hizi, pipa silifichi."