Pensheni Yangu na Pampu za Mbweni

Nilistaafu kwa hiari nilipotimiza miaka hamsini na mitano. Tangu ujana nilikuwa fundi wa pampu za maji serikalini, na ningeweza kuendelea, lakini mama mkwe alikuwa hawezi kitandani na mke wangu alichoka kumwinua peke yake. Mwaka haukwisha, mama akatangulia mbele ya haki. Nikabaki nyumbani, mtaa wa Malindi, mzima wa viungo, sina la kufanya.

"Nnakuona unafungua bomba lisilovuja," mke wangu aliniambia. "Tafuta kazi kabla hujaniharibia jiko."

Kazi ikaja yenyewe. Hoteli moja ya Mbweni ilitaka fundi wa pampu na wa mtambo wa kuchuja maji ya chumvi. Mitambo ya namna hiyo nilijifunza mwenyewe vitabuni, na sikuwahi kupewa hata mmoja niuendeshe. Niliitaka mno kazi ile. Lakini pensheni ndiyo iliyotulisha, na sikujua kama ingeendelea nikiajiriwa. Hoteli hupunguza watu masika wageni wakiadimika. Nikikosa pensheni, kisha nikakosa na kazi, tungekula nini?

Niliitafuta sheria nikaisoma kifungu kwa kifungu. Ilimtaja mstaafu anayerudi serikalini. Kuhusu hoteli sikuona neno, nami sikuthubutu kuamua kwa sababu tu sheria imenyamaza.

Jirani yangu, karani mstaafu wa bandarini, hakuwa na shaka yoyote.

"Wataifunga pensheni yako, sheikh. Kwani hukutaka mwenyewe kuzeeka kwa hiari? Basi kaa uzeeke!"

"Nani kakwambia wataifunga?"

"Watu wote wanajua."

Wiki ile tuliitwa kwenye uhakiki, ambapo kila mstaafu hufika mwenyewe ionekane kuwa yu hai. Jirani aliniusia nisinyoe ndevu, nivae kanzu kuukuu, na akanipa bakora yake. Kwa imani ya mtaani kwetu, anayefika akionekana ana nguvu ataulizwa anafanya kazi wapi. Niliona ni upuuzi. Hata hivyo niliichukua bakora.

Ukumbini nilikuta nusu ya wanaume wameinama. Mmoja, ninayemjua kuwa huogelea kila alfajiri, alikuwa anakohoa. Alipoitwa alijibu "Naam!" kwa sauti ya kuadhini, akaenda mbio mezani na bakora ameisahau kitini. Ukumbi mzima ulicheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Zamu yangu ilipofika, afisa, mwanamke wa umri wa binti yangu, aliniamkia.

"Shikamoo, mzee. Mguu unauma?"

"Marahaba. Hauumi."

"Na bakora?"

"Ya jirani."

Aliinamisha uso kuficha kicheko. Nikaona kama sitauliza hapo sitauliza tena.

"Bi, nimeitwa kazi hotelini. Nikienda, pensheni yangu itasimama?"

"Hoteli ya mtu binafsi?"

"Ndiyo."

"Nenda kafanye kazi, mzee. Pensheni yako umeshaitumikia, ni ya miaka iliyopita. Ungerudi serikalini kwa ajira ya kudumu, hapo ungekuja kwanza tuzungumze. Hoteli ni mwajiri mwingine."

"Na wakiniandikisha rasmi, wakanikata kodi?"

"Wakuandikishe. Unajificha nini?"

Nilimwomba arudie, akarudia polepole, bila kuudhika. Nikajikuta natabasamu kama mjinga.

Nje nilimpigia simu mke wangu.

"Haisimami," nikamwambia.

"Alhamdulillahi. Unakuja kula?"

"Napitia Mbweni kwanza."

Meneja wa hoteli alinipeleka nyuma ya jiko, kwenye chumba cha mitambo. Nilizungusha vali, nikabonyeza swichi, nikaweka kiganja juu ya bomba. Baada ya muda nilihisi maji yanapita. Niliyachota kwa gilasi nikaonja, na hayakuwa na chumvi.