Bunduki ya Ami Jaifar Imenuna

"Harusi ya Buthaina bunduki ya babu italia mara tatu, na asiyeziba masikio asinilaumu!"

Ami Jaifar aliyasema hayo nyumbani kwake Al Khoudh, siku aliyoposwa binti yake, mbele ya wanaume wa pande zote mbili, halwa ingali mdomoni. Tangu hapo hakukaa kitako. Ami hufanya kazi ghala la vigae Rusayl, na hata kahawa huinywa akitembea, lakini safari hii mkewe Khawla alichoka: "Baba Buthaina, kaa! Zulia litalia kabla ya bunduki."

Bunduki yenyewe ni ya kale: unashusha wenzo chini ya kifyatulio, ukiurudisha risasi nyingine imeshaingia. Babu yake alitoka nayo Unguja. Leseni ipo, risasi hakuna. Ami akaagiza za sherehe, zisizo na kichwa, upana sawa, urefu sawa, mimi naye tukaenda kuzijaribu kwenye wadi, bonde kavu la huko Al Amerat.

Ta. Akashusha wenzo. Ta. Tena, ta. Chuma kitupu, baruti haikuwaka.

"Imenuna," nikasema.

"Nyamaza weye!"

Tukampelekea Hatem, fundi wa bunduki, naye alicheka mpaka akashika meza. "Yakhe, umeilisha chakula cha wajukuu zake!"

Akatueleza. Risasi za mwanzo za bunduki za wenzo hazikuwa na ganda. Baruti ilishindiliwa ndani ya tundu la kichwa chenyewe, kidogo mno, nguvu hamna. Ndipo likaja ganda la shaba nyekundu, dawa ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo wa kitako. Ila shaba ile ni laini, ukiijaza baruti nyingi inapasuka. Za baadaye, kama hizi za Ami, ganda ni gumu na dawa iko katikati.

"Yako inagonga ukingoni, Jaifar. Utapiga mpaka wajukuu waoe. Na za ukingoni za kipimo hiki hazitengenezwi tena. Nnaweza kukubadilishia chuma cha kupigia, kigonge kati. Lakini haitakuwa ile aliyoiacha babu."

Ami akaizunguka meza. Akatoka nje, akarudi, akaipapasa bunduki, akaiweka, akaishika tena. Simu ikalia. Buthaina.

"Baba, wakwe wanauliza, Alhamisi harusini bunduki ipo kweli?"

Ami akaitazama bunduki kama mtu anayemsindikiza mgonjwa chumba cha upasuaji.

"Ipo," akasema, akaisukuma kwa Hatem. "Badilisha."

Hatem akaandika bei: chuma na kazi, riali sitini.