Chikwange ya Hekaluni

Niliiba sadaka ya mababu wa watu, tena kwa heshima zote. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Nyankunde, karibu na kwetu Bunia, mpaka binti yangu aliyeolewa Hawaii aliponitumia tiketi nikamjue mama mkwe wake. Nilitaka sana mama huyo anipende.

Akatupeleka kwenye hekalu la kale la kwao: kuta za mawe, bila paa, bahari chini yake. Akaweka juu ya jiwe kifurushi cha majani, akainamisha kichwa, akaondoka. Mimi nikajua ni chikwange, ule mkate wetu wa muhogo unaofungwa kwa majani, ameisahau. Nikaitia ndani ya sakoshi yangu, nikiwazia kipande changu.

Kwenye gari nikamrudishia kwa mikono miwili: "Mama, ulisahau chakula."

Binti yangu, badala ya kutafsiri, akashika kichwa. "Mama! Ile ni zawadi ya mababu yao!"

Yule mama mkwe alipoelewa alicheka mpaka machozi. Akanishika mkono, tukairudisha pamoja. Ameniomba nirudi mwakani.

Hapa Bunia nikamsimulia jirani yangu, Mama Furaha. Hakucheka. "Weye, mwaka ingine ukule kwanza kwa nyumba, ndiyo uende kwa mababu ya watu."