Mbwa Niliyemlegezea Kamba Nainokanoka

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na jana umenikumbusha tena uliponiambia kwamba Jumamosi wewe na wenzako mnapanda kupiga kambi msituni, na kwamba mnamchukua mbwa wetu Bosi awalinde. Sikukujibu kwa sababu ulikuwa na haraka, na mwenye haraka haambiliki. Kaa basi nikujibu.

Nilikuwa na umri kama wako. Kazi yangu ilikuwa kuwabebea wageni mizigo kutoka Nainokanoka, kijiji cha kule juu milimani, na sikwenda popote bila mbwa wangu, Popi. Hapa kwetu Karatu alikuwa amewafukuza nguruwe pori wengi kwenye mahindi, nami nilimsifu hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Aliyetuongoza safari hiyo ni Mzee Lemayani, Mmaasai mfupi, mchache wa maneno. Tulipofika bomani kwake nilimwinamishia kichwa akanigusa, kama kijana anavyomsalimu mzee kwao, kisha akamtazama Popi.

"Huyu mfunge hapa. Tunapita kwenye kichaka cha nyati."

"Lakini mzee, huyu ni mkali. Nyati akija atamfukuza."

"Mfunge, kijana."

Nikasema ndiyo mzee, nikamfunga. Wenzangu walipokuwa wanawapakia punda mizigo, nilirudi nikalegeza fundo. Nilijiona mjanja, tena nilimhurumia mbwa wangu.

Tuliingia kichakani kama saa mbili asubuhi. Mzee alitangulia, akiongea kwa sauti na kugonga miti kwa fimbo, ili mnyama asikie watu na ajiondoe mapema. Miaka yote alikuwa amepita hapo hivyo hivyo, salama. Mara Popi akatupita mbio, akazama kwenye majani huku akibweka. Mle ndani alikuwa amelala nyati dume. Mbwa alipouona ukubwa wa yule mnyama aligeuka, na mbwa akiogopa, mwanangu, hukimbilia kwa bwana wake. Alikuja moja kwa moja miguuni pangu, nyati nyuma yake.

Mzee alinisukuma nyuma ya mti. Yeye mwenyewe hakuwahi kujificha. Nyati alimpiga paja, akalivunja, akapita zake msituni. Ilikwisha kabla sijapiga hata ukelele.

Tulimbeba kwa machela ya fimbo na mashuka hadi barabarani, tukapata gari la kumpeleka hospitali. Alipona, ila hakuongoza watu tena. Nilipokwenda kumwomba radhi nilianza kulia kabla sijasema neno. Hakunifokea.

"Mbwa alikimbilia wapi?" aliniuliza.

"Kwangu, mzee."

"Basi sasa umejua."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia, na guu lililovunjika likawa la mkuu. Naona aibu mpaka leo ninapokusimulia.

Kwa hiyo Bosi atabaki hapa na mimi, usinune. Mkipita penye kichaka ongeeni, imbeni, hata kama sauti zenu ni mbovu. Chakula kisilale hemani, hata ndizi moja, kwa maana fisi na tembo wana pua kali kuliko sisi. Ukibanwa na haja usiende porini peke yako. Ukikutana na nyati tafuta mti mnene upesi. Ushujaa utauonyesha siku nyingine, ukiwa unalima. Na kiongozi wenu akikuambia jambo usilolielewa, litii kwanza; sababu yake utamuuliza jioni mkishakula. Kuitikia "ndiyo mzee" si kutii. Mimi niliitikia vizuri sana.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akutangulie huko juu, akupe sikio la kusikia mapema, na kosa lako lisilipwe kamwe na mwili wa mtu mwingine.