Mkunga Aliyerudi Bila Saa

Yule mkunga mzungu wa zahanati yetu hapa Magamba zamani alitembea kama anafukuzwa na nyuki, kila mara akitazama saa yake ya mkononi. Akaenda kwao, akakaa miaka sita. Mwaka huu amerudi bila saa, na sasa anatusalimia kwa Kisukuma mpaka tunachoka. Anakushika mkono kwa vidole vyake virefu, anauliza nyumba, mvua, hata kuku.

Jana nilimpeleka binti yangu Minza, mimba ya miezi minane, mtoto hajacheza tangu usiku. Mkunga akamlaza, akaweka kiganja tumboni, akanigeukia.

"Mwangaluka, mama. Habari za nyumbani?"

"Mtoto hachezi, sista!"

"Nimesikia. Na ng'ombe, wanapata maji?"

Nilitaka kumpigia kelele. Mdomo wake uliendelea na habari za mahindi, lakini kile kiganja hakikupumzika. Kilihama taratibu, kikabonyeza, kikasubiri. Minza akaanza kucheka, mwili ukamlegea. Ghafla mkunga akauchukua mkono wangu, akauweka palipokuwa kiganja chake. Teke likanigonga.

"Haya," akasema, "hujanijibu. Ng'ombe?"