Bwawa la Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, simpendi. Nalisema mapema ili msomaji asidhani kalamu imeteleza. Anaishi Dar, na kila akija Kilwa hakosi kutuona tuna upungufu fulani. Julai ile alikuja na wazo: ukoo mzima ukutane nyumbani kwa mama, na uani lichimbwe bwawa la maji ya moto, watu waogelee.

"Bahari si hiyo hapo chini?" nikamwambia.

"Kwa kipupwe hiki, shemeji? Utaniulia wageni."

Shimo lilichukua siku mbili, kina chake kiunoni. Ndani likatandikwa turubai letu la kuanikia ufuta bila mimi kuulizwa, na juu yake mchanga na matofali ili lisiungue, maana maji yangepashwa kwa mawe ya moto. Maji yakaletwa na boza. Mawe aliyaokota mwenyewe ufukweni, suruali kaikunja, akijisifu kwamba ni mepesi na ya bure. Yalikuwa matumbawe.

Mtu yeyote wa nyumba yetu anajua matumbawe yakikaa sana motoni yanakuwa nini. Marehemu baba alikuwa mchoma chokaa. Alipanga magogo, akaweka matumbawe juu, akawasha, na jiwe lililoiva ukilimwagia maji linachemka lenyewe na kuvunjika unga mweupe. Utotoni unga ule uliniingia kwenye kidonda cha mguu, nikalia kutwa. Shemeji aliwasha moto alfajiri, kuni za kutosha tanuri zima, akayarundika mawe yake humo.

Nilikwenda kumwambia. Wallahi nilikwenda. Nikamkuta amezungukwa na wageni wake, na aliponiona akapaza sauti, "Huyu marehemu baba yake kachoma mawe maisha yake yote, na mkewe hajawahi kuoga maji ya moto! Leo mama yenu nampashia mimi!" Wakacheka. Mashemeji hutaniana, na anayekasirikia utani ndiye anayeaibika, kwa hiyo nami nikacheka. Lile neno nililokwenda nalo nikalimeza. Acha aingie yeye kwanza, nikasema moyoni, ajikune wiki nzima.

Baada ya alasiri wakaanza kuyatumbukiza mawe kwa chepe. Maji yakanguruma, yakatoa mvuke, yakageuka meupe pee. Wageni wakashangilia na kupiga picha. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, nimefurahi kuliko siku ya Idi.

Chuki ilinisahaulisha adabu ya mkwe. Mtu hajitupi majini mama mkwe amekaa pale, hajakaribishwa. Shemeji, pamoja na ubishoo wake wote, hilo alilijua. "Mama atangulie," akasema. "Hata akichovya miguu tu, itamsaidia maumivu." Akamletea kiti ukingoni, akamshika mkono polepole.

Mama ana mtoto wa jicho, rangi ya maji haioni. Magaga ya miguu yake yamepasuka mpaka damu. Nilitaka kupiga kelele, na papo hapo nikafikiri: nikipiga kelele, wataniuliza nimejuaje, na tangu lini. Nilifikiri hivyo kwa muda wa pumzi moja tu. Miguu ikaingia.

Hakulia. Alikunja uso, akavuta pumzi, akasema, "Hii chokaa." Ndipo nilipokimbia nikamtoa, nikammwagia ndoo baada ya ndoo ya maji safi, na nyufa za nyayo zake zilikuwa nyekundu kama nyama mbichi.

Dada, aliyekuwa jikoni na wapishi tangu alfajiri, akatoka na kumgeukia mumewe kwa matusi. Wajomba nao wakamvaa. Naye alipiga magoti kwenye tope, suti yake ya michezo imelowa, analia machozi ya kweli: "Nisamehe mama, sikujua." Nami nikamfokea. Katika watu wote waliomfokea siku ile, sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Mwacheni," mama akasema. "Yeye hajalelewa kwenye chokaa." Kisha akageuza uso upande ilikotoka sauti yangu.

Gari la kwenda hospitali lilipofika, nikampa mkono nimwinue. Akaupapasa, akaujua, akauachia.

"Mkwe wangu yuko wapi?" akauliza. "Aje anishike."