Kimo cha Ufagio

Fundi saa huyu alikuwa bwana mfupi mwenye mikono isiyotetemeka, na neno "kadiria" hakulitaka nyumbani kwake. Majirani walimwita Nusu Milimita, naye jina hilo alilibeba kama cheo. Ukimwuliza kama chumvi imekolea, atataka kujua umetia vijiko vingapi. Duniani kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuwahi kukipima, nacho ni urefu wa mkewe. Kwenye picha ya harusi, yeye kasimama juu ya ngazi, bibi harusi chini yake, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyethubutu kuuliza ile ngazi ilifuata nini pale.

Mke alikuwa muuguzi mstaafu, mpole wa sauti, mkali wa macho. Binti yao alikuwa amejifungua mjukuu wa kwanza, huko mwendo wa siku nzima, na mzee alikuwa ameshajiona akiingia na mkewe uani kwa binti huyo, wawili juu ya pikipiki yake kubwa ya safari ndefu. Tatizo lilikuwa upepo. Uliruka juu ya kioo cha mbele ukamtwanga mama kichwani mpaka shingo ikafa ganzi. Safari ya mwisho alishuka, akavua helmeti, akasema taratibu, "Baba watoto, upepo huu ukinipiga tena, mimi napanda basi. Utanikuta huko nimeshambeba mjukuu."

Maneno hayo yalimchoma. Kufika kwa mtoto na kiti kitupu nyuma yake aliona ni fedheha, na zaidi ya fedheha, ni upweke.

Akatafuta kipande cha plastiki angavu cha kuongezea juu ya kioo, chenye vibano viwili vya kuuma ukingo na skrubu za kukiinua au kukilaza. Jumamosi asubuhi alikifunga, akapima kushoto na kulia, akakifungua, akakifunga upya kwa sababu upande mmoja ulizidi kwa unywele. Mkewe alimpitia mara tatu akielekea kuanika nguo, na mara zote tatu alijizuia kucheka.

Ukaja wakati wa majaribio, na hapa fundi alijipa akili nyingi. Hakutaka kumsumbua mama, basi alichukua ufagio, akaukata mpini, akausimamisha kwenye kiti cha abiria kwa kamba, akauvisha helmeti ya mkewe. Kwenye helmeti akabandika nyuzi za sufu. Zikicheza, upepo umevurugika. Zikilala, mambo shwari. Mtaa mzima ulitoka kumtazama mzee akipita na ufagio wenye helmeti mgongoni. Muuza magazeti alimwuliza mama anaendeleaje. Macho ya fundi yalikuwa kwenye kioo cha pembeni, yakizifuata nyuzi. Akainua plastiki kidogo, akalaza kidogo, mpaka kwenye mwendo wa themanini nyuzi zote zikalala fofofo.

Alirudi anapiga mluzi, akampakia mkewe. Hawakufika hata kwenye kituo cha mafuta kabla hajapigwa begani. Akasimama. Mama alivua helmeti, macho yanamtoka machozi ya upepo.

"Umenipatia bomba la upepo, mume wangu. Wote unaishia kwenye paji la uso wangu."

Fundi aliapa kwamba haiwezekani, kwamba nyuzi zilikuwa zimelala, kwamba ushahidi ni ufagio. Mkewe alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Na huo ufagio uliukata kwa kipimo cha nani?"

Mzee akaangalia matairi. Akakohoa. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama wizi, "Nilikadiria. Niliukata uwe mfupi kuliko mimi kidogo."

Mama hakucheka. Alingoja, kama alivyowahi kungoja wagonjwa waseme kinachouma hasa.

"Umenizidi," fundi akasema. "Umenizidi tangu siku ya kwanza. Panda nikupime."

Alimpima pale pale kando ya barabara, kwa futi ya chuma, mpaka nusu milimita. Kisha akainua plastiki hadi pale ilipostahili. Akakaa kushika usukani, na ukingo wa plastiki ukamkata macho katikati kabisa. Barabara nusu aliiona, nusu aliibahatisha. Njia zilikuwa mbili: kuishusha, ili yeye aone na mama apande basi, au yeye mwenyewe apande juu.

Alfajiri ya safari, majirani wakiwaaga, Nusu Milimita aliingia sebuleni, akatoka na mto wa kochi, ule wenye maua, akaufunga kwenye kiti chake mbele ya macho ya wote. Akaukalia, uso umemwiva, mgongo wima.

Walipofika themanini, mama aliongea sikioni mwake bila kupaza sauti, na kila neno likasikika. Alimwuliza kama mto umetosha.

"Tukifika," fundi akamwambia, "tumwombe binti yetu atuongeze mto mwingine."